Saba Inaingia, Mwalimu

Kericho, Jumapili ya mwisho ya Juni. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nitoke nyumbani.

Kwako ndugu yangu mkubwa, Mwalimu,

Jana binti yangu Akinyi alinipigia kwa simu ya mama yake. Hakulia. Alisema, "Baba, Baba Mkubwa amenifukuza shule. Nisirudi mpaka nije na mzazi, tuombe msamaha mbele ya darasa."

Nikamuuliza amevunja nini.

"Nimesema saba inaingia."

Hapo nikajua ni namba gani. Kumbe bado unaiandika ubaoni! Bilioni moja na moja: moja, sufuri nane, moja. Mimi nilikuwa darasa la saba, wewe umetoka chuoni na tai mpya, na ulikuwa umenikataza kukuita kaka mbele ya wenzangu. Ulijaribu mbili, tatu, tano, ukapangusa chaki mikononi. "Hii haigawanyiki na kitu. Si mnaona katikati ni tupu?" Nilipoinua mkono uliuliza kama nimekuja kukufundisha. Darasa likacheka nawe ukacheka nao. Mwaka ule ule ulimwambia baba kwamba kichwa changu ni cha jembe. Baba aliamini tai.

Kabla ya chuo ulikuwa mtu mwingine. Mto ukijaa ulinibeba mgongoni, ukanifundisha kuhesabu hatua zako mpaka ng'ambo. Yule nilimpenda. Huyu wa leo namwonea haya.

Hapa kazi yangu ni kitalu cha miche ya chai. Tunajaza udongo kwenye vifuko vya plastiki, tunachomeka kipandikizi kimoja kimoja, kisha tunavipanga kwa mistari. Nyapara wetu, Kiprono wa Kiptere, hataki mstari wenye pengo, maana yeye huhesabu mistari tu. Mpe miche mia moja na mitatu, atakutukana, kwa sababu haipangiki kwa vyovyote. Tisini na moja inaonekana ngumu vile vile, lakini ipange saba saba, mistari kumi na mitatu inajaa. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo alinisimamia kichwani.

"Wewe mtu wa ziwa, umeiba miche ya nani ukajazia hapa?"

"Sijaiba. Ni saba."

"Saba gani, wewe?"

Akainama, akahesabu mwenyewe, akaenda mstari mwingine. Kiprono aliishia darasa la nne, lakini alihesabu kabla ya kubisha. Kwa hilo tu anakuzidi wewe na cheti chako.

Sasa shika chaki. Saba kwenye kumi ni moja, inabaki tatu. Teremsha sufuri: thelathini, saba inaingia mara nne, inabaki mbili. Endelea. Zile sufuri ulizoziita tupu ndizo zinazobeba mabaki. Mwishoni utabaki na mbili, utateremsha ile moja ya mwisho, iwe ishirini na moja. Saba inaingia mara tatu na hakibaki kitu. Jibu ni 142,857,143. Kumi na moja pia inaingia, na kumi na tatu, na kumi na tisa. Ukiona ninakudanganya, zidisha 1,001 kwa 999,001. Ni kazi ya dakika mbili. Miaka yote hii hukuzipata, lakini za kumfukuza mtoto ulizipata.

Mimi uliniweza kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuja shuleni kunisemea. Akinyi anaye. Umetaka mzazi, basi mzazi anakuja. Msamaha hatuombi. Atasimama ubaoni agawanye mpaka mwisho, nami nitakaa dawati la nyuma. Ukimnyima chaki, niandikie barua ya uhamisho papo hapo; atakuja kusoma huku, nilipo mimi.

Ruhusa nimeshapewa. Nitafika Ijumaa, kabla ya kengele ya kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Baba Akinyi