Chaki Pembeni mwa Jicho

Jumatatu, 4 Machi
Mama kanifokea tena mbele ya mteja. Mkasi! Nimekuomba mara ngapi? Na mimi nimemnyooshea muda wote, kushoto kwake, mpaka mkono umechoka! Halafu kageuka, kiwiko kikaangusha pasi. Shangazi kaidaka: wifi, ungekuwa dereva ungeshanyang'anywa leseni! Lakini mtu huyuhuyu anatunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Mimi mara nne. Sielewi.

Jumatano, 6 Machi
Kliniki ya macho. Kumbe glakoma! Presha ndani ya jicho imepanda, inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Inakula pembeni kwanza, katikati inaacha mpaka mwisho. Ndiyo maana sindano anaiona, mkasi hauoni! Kilichopotea hakirudi. Matone kila siku, maisha yake yote, kulinda kilichobaki.
Mama: mbona haliumi? Daktari: ndio ubaya wake.
Ila mtu anapotezaje nusu ya chumba asijue? Si angeona giza? Eti hapana, ubongo unazibaziba. Kama kiraka cha kitambaa kilekile? Kichwa kinaniuma.
Daktari kasema watoto wa Mama nao wapimwe, eti ugonjwa huu hurithiwa. Siku nyingine — mimi inzi akitua namwona!

Ijumaa, 8 Machi
Chupa ya matone haijafunguliwa! Mama: likiuma nitaweka. Jamani!

Jumamosi, 9 Machi
Nimebuni kipimo! Unakaa mezani, unafumba jicho la kulia, unatazama kifungo nilichobandika ukutani. Chaki inatoka nyuma ya sikio la kushoto, inakuja mbele polepole. Ukiiona unasema hapo, nachora alama mezani.
Shangazi: hapo! Chaki iko sikioni bado. Mama — kimya. Kimya. Hapo. Karibu na pua!
Kaziangalia zile alama mbili. Kisha kafungua chupa mwenyewe. Haya, niwekee. Nilitaka kuruka!
Sasa zamu yako, mjuaji, kasema, kachukua chaki. Nikafumba la kulia. Kifungo nakiona safi, matundu yote manne.
Sema basi. Bado. Acha utani, mwanangu. Bado!
Shangazi kaacha kucheka.
Alama yangu iko katikati ya zile mbili. Mama anasema mkono wake ulitetemeka, turudie. Nikasema ngoja kwanza niandike. Naandika, nashangaa kaenda wapi — kumbe amesimama hapahapa, kushoto kwangu, kaninyooshea chaki, na mkono wake umeshachoka.