Maji ya Moto ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Likizo ya Agosti, na baridi ya Machakos haina huruma. Leo showa ya stima imenimwagia moto, kisha barafu, kisha maji ya rangi ya chai. Nikatoka na povu kichwani nikilaani. Mke wangu Ndila alicheka hadi akashika ukuta.

Kicheko kikaisha. Mama yake anakuja Ijumaa kutoka Kola, atibiwe magoti hapa mjini, na daktari anataka aoge maji ya moto kila asubuhi. Mabomba yetu ni ya chuma, aliyatia baba alipojenga. Yameoza. Haya, nitaita fundi.

Lakini mama mkwe kulala kwangu! Na nthoni je, hiyo heshima yetu Wakamba kwa wakwe? Simpi mkono, siketi naye, simwongeleshi kama Ndila hayupo. Chumba atakacholala sitakanyaga — na ndicho chenye sanduku la mita ya stima na swichi kuu. Ndila anasema magoti hayajui nthoni. Sawa.

Jumatano, 6 Agosti

Nyumba imejaa vumbi. Muthoka fundi wa maji amepasua ukuta, akachomoa bomba, akanionyesha lilivyojaa kutu. "Mwalimu, nyinyi mmekuwa mkinywa misumari!"

Anaweka ya plastiki, ya kijani. Safi sana. Pale bomba la zamani lilipoingia ardhini tulikuta waya mnene umefungwa nalo kwa kibanio. Unapanda juu, unaelekea kwa mita. Nikauliza ni wa nini. Hajui. Mimi pia sijui, na nimeishi humu tangu utotoni.

"Ni vitu vya wazee tu. Nikate?"

Kata, nikamwambia. Nilitaka amalize aende.

Ijumaa, 8 Agosti

Maji! Ya moto, yasiyokatika, yenye nguvu. Nimeoga hadi vidole vikakunjamana. Sijajisikia tajiri hivi tangu nianze kazi.

Mama mkwe amefika. Aliingia kwa mlango wa mbele, mimi nikatokea wa jikoni. Kanisalimia kupitia kwa Ndila, na leso usoni. Mama wa heshima. Nampenda, kwa umbali huo huo.

Jumapili, 10 Agosti

Nilipofunga mfereji wa showa kitu kilinitekenya vidole. Nikadhani ni baridi. Nikagusa tena — tss! hadi kwenye kiwiko.

Nikamwambia Ndila. Hakushtuka hata. "Kwani kuna showa gani Machakos haipigi? Vaa patipati." Kweli, mji mzima huoga na patipati. Hata kule shuleni tuliwaambia wanafunzi hivyo hivyo.

Nikauliza mama je? Amepewa patipati akazikataa. Ameuliza ni nani huoga na viatu. Tena anaogopa kuteleza.

Sijaipenda hii.

Jumanne, 12 Agosti

Ndila amepigwa. Nilisikia ukelele mmoja, kisha kishindo. Nilimkuta ameegemea ukuta, macho wazi, mkono wa kulia umekufa ganzi. Alikuwa amevaa patipati! Mkono ulirudi baadaye. Kazini amekwenda, mkaidi huyu — kiwandani kwao Athi River hawapendi udhuru.

Nimempigia Musembi, binamu yangu fundi wa stima. Akauliza tumebadilisha nini. Mabomba, nikasema. Kulikuwa na waya umeshikana na bomba? Ulikuwepo.

Akauliza haraka, "Mlikata?"

Nikakaa chini. Anasema showa hiyo imekuwa ikivuja stima miaka na miaka, na waya na bomba la chuma ndivyo vilivyoipeleka ardhini. Plastiki haipeleki stima popote. Sasa inapita kwa anayeoga. Zima swichi, asiguse mtu. Yuko Muthetheni, atakuja Alhamisi jioni.

Swichi iko nje ya mlango wa bafu. Nimeizima.

Jioni nimegombana na Ndila. Amemwambia mamake showa imeharibika, basi. "Nikimwambia inaua watu, kesho atarudi Kola na hayo magoti yake." Aambiwe ukweli, nikasema. "Basi mwambie wewe!"

Anajua siwezi.

Jumatano, 13 Agosti

Mama mkwe hakuoga leo. Magoti yamevimba, kesho ana daktari. Swichi bado imezimwa, naipitia kila mara kuitazama. Ndila ataondoka alfajiri. Amesema nimchemshie mama maji kwa jiko, nimwekee mlangoni, nikohoe.

Alhamisi, 14 Agosti

Jiko limewaka. Sufuria kubwa imejaa, bado haijachemka. Niko mezani jikoni, nasubiri. Ndila ameondoka zamani. Mama mkwe ameamka, nasikia fimbo yake kwenye korido. Sijui kama Ndila alimwambia maji yanakuja. Nikohoe sasa? Nitakohoa na nini mkononi?

Mlango wa bafu. Labda ananawa uso.

Anaimba. Wimbo wa kanisa, wa Kikamba. Maji yanamwagika.

Dirisha la bafu linatoa mvuke. Maji yangu yako hapa jikoni!

Ameiwasha. Ameona swichi imezimwa akadhani huo ndio ubovu wenyewe.

Nimetoka hadi kwenye korido, nikarudi. Mlango wa bafu ameuacha wazi nusu — Ndila amewahi kusema, anaogopa kufungiwa. Swichi iko palepale mlangoni, nikiifikia nitamwona. Mita na swichi kuu ziko chumbani kwake, juu ya kitanda chake. Nampigia Ndila. Inaita. Simu zao hufungiwa kabatini kiwandani, najua, lakini naipiga tena. Hii kalamu ndiyo kitu pekee ambacho mikono yangu inaweza kushika. Bado anaimba. Akiimba yuko salama. Anaimba.

Wimbo umekatika.

Nimeita, "Mwaitu!" Kwa sauti kubwa. Sijawahi kumwita mama, wala kumwita chochote. Hajajibu. Mama wa heshima hawezi kumjibu mkwewe akiwa uchi, hata nyumba iungue. Nimeita tena. Maji bado yanamwagika na mimi bado nimekaa hapa.