Mlango wa Mvule Kwenye Tela

Mume wangu, Baba Swafiya,

Huko uliko sijui kama maneno ya mtu hufika, lakini mie ninayo, na humu chumbani hamna wa kumwambia. Nimekaa edani, juu ya mkeka, nguo nyeupe, macho hayana wanja, nywele hazina asumini. Chini ya dirisha namsikia ndugu yako Mbaruku analipaka rangi lile tela lako. Kijani. Harufu inapanda mpaka huku juu. Kesho Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, atalifunga nyuma ya lori lake ampeleke Swafiya bara, akauone ule mlima wenye kichwa cheupe uliomuahidi. Mtoto hatulii kwa furaha. Mimi situlii kwa hofu.

Unakumbuka wazimu ule ulivyokuingia? Ilikuwa mwisho mwisho wa vita, ulipoitwa kambini Nyali kuwatengenezea askari makabati. Ulirudi hata salamu hukutoa.

"Nimeona nyumba inafuata gari!"

"Umekunywa nini, Baba Swafiya?"

"Maji ya ndimu. Nakwambia nyumba, ina kitanda, ina meza ya kukunja, ina jiko. Mzungu anaivuta kwa gari lake, jioni anasimama porini, analala kama yuko kwao."

Nikakuuliza mie porini nikafanye nini. Nivuke Makupa, nitoke kisiwani, mwanamke ambaye hata Mwembe Tayari nimeiona kwa tundu la buibui? Ukanitazama, ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Ndiyo maana," ukasema. "Nyumba yenyewe itakuwa buibui lako. Nitakutoa bila kukutoa."

Nilikubeza sana, lakini nilitaka kwenda, wallahi. Nilitaka mpaka chakula hakishuki. Tangu nizaliwe sijaona ardhi isiyo na ukuta.

Basi kila Ijumaa, tukisha kula, ulichukua kaa lililozimika ukachora njia juu ya sakafu ya darini. Hapa Mariakani, tunywe chai. Hapa Voi, tulale. Hapa Taveta, halafu ule mlima, tuutazame mpaka tuchoke. Swafiya alipiga magoti pembeni akiuliza kama paka wake naye atakuwa na kitanda. Mimi nilikugombeza kwa mambo ya jiko. Mbuzi ya kukunia nazi itakaa wapi? Na nazi zenyewe? "Huko bara hamna minazi, utakula wali wa maji?" Ukasema tutabeba gunia zima. Nikasema gunia zima litatubingirikia miguuni usiku. Tukabishana juu ya gunia la nazi kama watu walio njiani tayari. Sakafu ile nimekataza isisuguliwe. Voi imefutika kidogo, Taveta iko.

Vita vilipokwisha, Bwana Gulam, yule Mhindi mwenye ghala la vyuma Shimanzi, akakuuzia tela la jeshi: kitako na magurudumu mawili, na mbele ule mkono wa chuma wa kufungia kwenye lori. Ukaliweka kiwanjani nyuma ya nyumba ya mamako, hapa Kibokoni, ukajenga juu yake. Kuta za mbao nyepesi, ulifanya vizuri. Madirisha ya kimia, nione nisionekane, ulifanya vizuri pia. Halafu ukafika kwenye mlango.

Ewe mwanamume! Fundi mwingine angepigilia ubao na kitasa, yakaisha. Lakini wewe ni fundi wa milango, mwana wa fundi wa milango, na kwenu mtu haingii nyumbani kwake kwa kupitia ubao. Ukaleta mvule. Mbao mbili nene, na mfaa katikati, ule mti wa kuzibania, na kizingiti juu na chini, vyote vimechongwa maua. Watu wanne waliubeba. Na ukaufunga nyuma kabisa, kwa sababu ukiwa ubavuni kila mpita njia angeniona nikishuka, na ukiwa mbele angeniona dereva. Ilikuwa heshima yangu hiyo, naijua. Nilikwambia, "Nyumba njema si mlango, Baba Swafiya." Ukanijibu, "Aliyesema hivyo hakuwa fundi."

Siku ulipoutia kwenye bawaba nilikuwa papa hapa dirishani. Mlango ulipokaa tu, ule mkono wa mbele ukanyanyuka kutoka juu ya jiwe, polepole, ukaelekea mbinguni. Hakuna aliyeugusa. Majirani wakacheka: "Tela linaomba dua!" Ukamuita Swafiya, ukamkalisha juu ya ule mkono, nao ukashuka. Ukacheka hata wewe. Mimi sikucheka, na sikujua kwa nini. Baadaye ukafunga gunia la mchanga huko mbele, mkono ukatulia, na ukasema kwisha.

Bwana Gulam alipita kuliona. Alilizunguka, akausukuma mlango kwa kiganja, hakucheka. "Fundi, nyuma nzito sana hii. Ikishuka mlima itacheza. Weka mlango mwepesi."

"Bwana Gulam," ukamwambia, "wewe uza vyuma. Mlango niachie mie."

Akaondoka zake anatikisa kichwa. Nawe ukasema ana kijicho.

Mkaenda kulijaribu, wewe na Mbaruku, mpaka Mariakani na kurudi. Alinihadithia mwenyewe, yeye nje ya pazia, mimi ndani, akilia. Kwenda hakukuwa na neno. Kurudi ulisema hupandi lorini, unataka ujue mimi nitajisikiaje humo. Ukafungua mlango, ukakaa kizingitini miguu inaning'inia, ukitazama bara mnayoiacha nyuma. Ndivyo alivyokuona mara ya mwisho. Mteremko wa Mazeras ulipoanza, tela likaanza kuyumba. Kushoto, kulia, likazidi, likalivuta na lori. Halafu likaanguka, nawe chini yake.

Walikuleta saa ya adhuhuri, asiri ukazikwa. Na tela likaja siku ya pili, limekwaruzika ubavu tu. Mlango haukupasuka hata ua moja. Kazi yako nzuri, mume wangu. Naichukia.

Mbaruku si mtu mbaya. Anasema ni ajali, ni siku yako iliyoandikwa, na sasa ahadi yako kwa mtoto ni deni shingoni mwake. Nami naamini yaliyoandikwa. Lakini Mungu ametupa macho pia, na mimi niliuona ule mkono ukinyanyuka. Nilimuita nyuma ya pazia, nikamwambia autoe mlango. Akasema, "Shemeji, huu ndio ukumbusho wa ndugu yangu. Niutupe?" Nikamwambia sikusema autupe, autie hata hapa chumbani kwangu. Akasema kwa upole, "Eda inakuelemea. Pumzika." Upole ule ulinikata maini. Mamako naye ananambia nisiitie safari ya mtoto mkosi kwa maneno. Na Swafiya sasa baba yake mdogo ndiye msemaji wake, mie mama nisemeje?

Leo baada ya sala ya Ijumaa nimetazama tena. Gunia lako la mchanga halipo. Mtoto kanambia lilioza kwa mvua, ami yake akalimwaga, na kwa sasa amekalisha jiwe juu ya ule mkono. Kesho jiwe litaachwa hapa kiwanjani, na mbele hapatakuwa na uzito wowote. Kisha akaniambia kwa bashasha tele, "Mama, ami ameniwekea kitanda nyuma kabisa, karibu na mlango, nione njia tunayotoka." Nilimkumbatia mpaka akasema namuumiza. Upepo ukivuma, huo mlango unalia kwenye bawaba, na mkono ule wa mbele unajaribu kunyanyuka chini ya jiwe lake, kidogo, kisha unatulia. Nauona hivi sasa ninavyoandika.

Nimetuma mtu kwa bi mwalimu, yule aliyenisomesha chuoni, kumuuliza. Amenijibu kuwa eda si kaburi, dharura ina hukumu yake, na roho ya mtoto ni dharura. Jibu hilo nimelikunja nimelitia kifuani.

Sasa sikiliza, Baba Swafiya, maana nataka ulijue kutoka kwangu kabla hujasikia kwa majirani. Kesho wakitoka msikitini watanikuta kiwanjani. Na hizi nguo nyeupe, na uso huu usio na wanja, mchana kweupe, mbele ya wanaume. Watasema mjane wa fundi amerukwa na akili. Na waseme. Ndugu yako atanifanya nini? Kuniinua hawezi, mimi si maharimu wake, wala hapana mwanamume mtaa huu atakayemtia mkono mwanamke aliye edani. Mlivyonifungia ndivyo vitakavyonilinda.

Ulitaka unitoe bila mtu kuniona. Ulitumia mvule, ulitumia macho yako na mikono yako, ukatumia na umri wako. Nisamehe, maana nitatoka na Kibokoni nzima itaniona. Nitaukalia ule mkono wa chuma, pale pale ulipomkalisha mwanetu, na sishuki mpaka mlango ushuke.

Mkeo, ambaye hajavuka Makupa,
Mama Swafiya