Komeo la Kanisani Temeke

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Je, mgongo umepunguza kuuma? Ndizi ulizompa dereva wa lori zilifika zimeiva mno, lakini tulizila zote. Hapa Temeke sote wazima. Ni moyo wangu tu umejaa hasira, na sina wa kumwambia ila wewe.

Tangu zije habari za Kenya, kwamba watu wanakatwa mapanga hata makanisani, wazee wetu wa kanisa wameingiwa na hofu. Kwa hofu siwalaumu. Wamepigilia mbao madirishani, na ibada ikianza mlango hufungwa kwa komeo, tena kwa nje, na walinzi wenye marungu wanakaa hapo. Mume wangu Baba Eliya alipofika, Mzee Zakaria, mkuu wa wazee, akamsimamisha.

“Mama yako Mkikuyu, kabila la hao wa mapanga, sivyo?”

“Ndiyo. Alishafariki.”

“Basi ngoja nje kwanza, mpaka tupate wa kukudhamini.”

Nikasema mie mke wake, namjua. Akaniambia neno la mke halitoshi. Mama, mabenchi wanayokalia aliyaranda mume wangu. Tangu siku hiyo anatusindikiza mie na mtoto, kisha anakaa ng’ambo ya barabara na kitabu chake cha nyimbo, anaimba huko huko.

Juzi juzi, katikati ya ibada, jirani alichoma makuti mabovu uani kwake. Moshi ukaingia kanisani. Mtu akapiga kelele, “Wamekuja,” tukakimbilia mlangoni, tukakandamizana. Walinzi walikuwa wameshakimbia, komeo wameliacha limefungwa. Bibi Tabitha, yule mjane wa Masasi anayenisaidia kumlea Eliya, alianguka akavunjika mkono. Nilikuwa nimemwinua mtoto juu ya kichwa, nikasikia sauti ya Baba Eliya nje: “Rudini nyuma kidogo, nifungue.”

Akafungua.

Mzee Zakaria alimshukuru mbele ya watu wote. Nikadhani yamekwisha. Jana tumekwenda, komeo liko pale pale, naye anasema, “Shukrani ni shukrani, utaratibu ni utaratibu.” Bibi Tabitha, mkono umefungwa shingoni, akamwambia, “Huyu namdhamini mimi.” Mzee akajibu kwamba atalipeleka jambo hilo kwenye baraza la wazee. Baba Eliya akavuka barabara.

Kwa hiyo nakuomba, Mama, umwendee mchungaji aliyetufungisha ndoa, aandike kwamba anamjua. Baba Eliya hataki niombe. Anasema Mungu anamsikia hata barabarani. Pengine. Lakini mie nimechoka kusali huku nimegeuza shingo, natazama mlango uliofungwa.

Wasalimie Baba Mkubwa na wifi yangu aliyejifungua, na mdogo wangu anayekusomea barua hii. Asiruke maneno ya Mzee Zakaria kwa kuona haya. Ayasome yote.

Ni mie mwanao akupendaye,
Mama Eliya