Mkalimani wa Yaya Baraka

Jumapili. Mvua ilianza alfajiri, ikaacha tulipokuwa tumeshalowa. Nimechoka mpaka kope.

Yaya Baraka ni kaka yangu. Kwetu Kongo, tulikotoka, mkubwa wako humwita yaya, awe wa kiume au wa kike. Tangu azaliwe miguu yake haimbebi, na ulimi wake huburuta maneno, kwa hiyo watu humdhania mjinga. Si mjinga. Ni Mama na mimi tu tunaomwelewa vizuri, na Mama akiwa soko la Kalerwe na samaki wake wakavu, nabaki mimi.

Mwezi uliopita nilitimiza miaka kumi na minane. Shangazi akasema, "Sasa uko mtu mzima, utamubeba yaya wako." Kana kwamba miaka yote hii nilikuwa nambeba kwa majaribio.

Leo asubuhi nilimtoa kitandani, nikamkalisha kwenye kiti chake cha magurudumu, nikakisukuma katika matope hadi kanisani. Karibu na mtaro kitu kikavutika mgongoni mwangu. Baraka alisikia pumzi yangu ilivyobadilika, akaniambia, "Leo usinipeleke mbele."

Nilijua anachosema. Kila mhubiri mgeni akija katika kanisa letu la mabati, humwona Baraka na kusahau mahubiri aliyokuja nayo. Humshika kichwa, humwamuru asimame. Asiposimama, macho yanahamia kwetu, kutafuta nani kati yetu hana imani. Baraka huvumilia kwa ajili ya Mama.

Mama bado anangoja muujiza.

Na leo mgeni alikuwepo, mwenye suti ya kijivu. Hakuchelewa. "Mulete uyu ndugu hapa mbele!"

Kanisa zima likageuka. Mama akanigusa kwa kiwiko. Mimi hata darasani najua jibu na sinyanyui mkono. Nikafunga breki ya kiti, nikabaki nimekaa. Leo miguu iliyokataa kusimama ilikuwa yangu.

Mhubiri akaja mwenyewe. Baraka akasema kitu polepole, jasho likimtiririka kwa juhudi.

"Anasema aje?" mhubiri akaniuliza, akanisogezea kipaza sauti.

Nilikuwa nimemwelewa vizuri mno. Ningeweza kusema anashukuru. Nani angejua, zaidi ya Mama, ambaye angefurahi?

Baraka angejua.

"Anasema yeye ni mzima," nilisema, na sauti ikatoka kwenye spika kama ya mtu mwingine. "Anaomba mumuombee dada yake mgongo."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha wengi. Mhubiri akatabasamu kwa shida, akaiombea familia yote harakaharaka, akarudi mimbarini.

"Sokoni watatusema mpaka wachoke," Mama alisema tulipofika nyumbani, akifungua kilemba. "Ninyi wawili mumenipatisha haya."

Sina hasira naye. Anataka mwanawe atembee. Hata mimi kuna siku nataka, na si kwa ajili yake. Nataka kwa ajili ya mgongo wangu, na insha ya historia ambayo sijaianza, na siku moja tu ya kutoka nyumbani mikono mitupu. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nimeliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenigeukia.

Jioni, nikiinama kumlaza Baraka, nilikwama. Sikuweza kunyooka wala kuinama zaidi. Mama akaniona. Akamalizia kumlaza yeye mwenyewe, akaleta kikopo cha dawa ya kuchua, akanionyesha mkeka. "Lala hapo."

Alinichua kwa nguvu, kama anayesonga fufu. Vidole vyake vilinuka dawa, na chini ya dawa, samaki. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba.

Kutoka kitandani Baraka akatamka neno moja, ambalo hata yule mgeni angelielewa.

"Amina."

Mama alijaribu kutocheka. Alishindwa.

Mgongo bado unauma. Nikipata nafasi chuoni mwaka ujao, nani atayasema maneno yake bila kuyatia sukari? Macho yanajifumba. Asubuhi ni shule, na magurudumu bado yana matope ya leo.