Mistari ya Funza Kwenye Shamba Lako

Mpendwa Mama,

Jana Wafula alinipigia simu nikiwa Dagoretti Corner nanunua unga, miguu imechoka kwa kusimama kazini Westlands tangu asubuhi. Anataka kupanda pamba ya GMO kwenye shamba lako lote huko Busia. Ulituachia sisi wanao wawili, kwa hivyo bila neno langu hawezi.

Nilikukumbuka na ile pampu ya dawa mgongoni, leso umeifunga mdomoni. Ulikuwa ukirudi tunakukimbilia, nawe unarudi nyuma. "Msinishike kwanza, nioge." Ukishaoga bado unakohoa. Na funza walikula pamba yako vilevile.

Mbegu hii imebadilishwa kwenye maabara. Funza akiitafuna pamba yake, anakufa. Wafula ameona kwa jirani, siku hizi wanapiga dawa mara chache tu, ya wadudu wengine. Kwangu hilo lilikuwa kubwa. Lakini nilimuuliza vile wewe ungemuuliza. Mbegu ni ya kununua kila msimu, na muuzaji akipandisha bei? Wanunuzi wa pamba wasipokuja, tutapika pamba?

"Dada, si wewe uko Nairobi, unga umejaa madukani?"

"Umejaa. Njoo uuchukue bure basi."

Akacheka, akakubali shamba la juu libaki la mahindi.

Kilichotukosanisha ni kingine. Afisa wa kilimo aliwaambia wapande pembeni mistari michache ya pamba ya kawaida, bila dawa, ili funza wapate chakula huko. Kukiwa na ile mpya pekee, wale wachache wasiokufa watazaana wenyewe kwa wenyewe, wazae wengine wasiokufa, na baada ya muda mbegu haitakuwa na kazi. Wafula anaona ni hasara tupu.

"Yaani nilishe funza kwa hiari yangu?"

Nikamkumbusha mtama. Kila msimu uliwaachia ndege mstari wa mwisho, na sisi tukilalamika unasema, "Nao wana watoto. Wakishiba hapa hawatafika kule." Mara nyingine walifika, lakini hukuacha.

Wafula akasema, "Mama huyo angelisha hata fisi."

"Ndiyo. Panda hiyo mistari, ama usipande kabisa."

Amekubali huku akinung'unika. Mimi wasiwasi haujaniisha, Mama. Sijui mbegu hii itakuwa imetufanyia nini watoto wetu wakiwa wakubwa, na sitajifanya najua. Ila nikifika nyumbani jioni mwanangu hunirukia na viatu sijavua, na uchovu wote namwachia yeye. Watoto wa Wafula nao wanamngojea pale mlangoni ulipokuwa unatukataza. Nataka siku nyingi awafikie bila kurudi nyuma.

Pumzika, Mama. Shamba lako lina wenyewe.

Binti yako wa kwanza