Krismasi Niliyokula Chapati ya Mama

Jumatatu, Migori. Jua kali tangu asubuhi, na upepo unaoleta vumbi mpaka ndani ya vikombe.

Leo sikufungua duka. Nimekaa mlangoni na uji wa wimbi, tumbo limetulia kidogo ila bado linauma nikiinama. Boda zinapita zikiwa na watu wanaorudi kutoka mashambani, wengine wamebeba kuku, wengine ndizi. Krismasi imeisha, kila mtu anarudi kazini. Mimi mwili umerudi, kichwa bado kiko nyumbani kwetu, Rangwe.

Kwa yule anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi sili ngano. Si kwa sababu ya dini, wala si maringo. Mwili wangu haupatani nayo. Nikila chapati, mandazi, mkate, hata mchuzi uliotiwa unga kidogo ili uwe mzito, utumbo wangu unachubuka ndani kwa ndani. Ndivyo daktari wa Kisii alivyonieleza. Kabla hatujajua, nilikonda mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kwetu mtu akikonda, ugonjwa wake hutajwa kabla hajafika hospitalini. Nilipimwa ugonjwa huo mara nyingi, na kila mara nikaambiwa sina. Wengi hawakuamini.

Mama aliamini. Alinishika mkono zahanati baada ya zahanati, mpaka siku tuliyoambiwa ni ngano. Alicheka kwa sauti mle ndani ya ofisi ya daktari. "Ngano tu?" akasema. "Hiyo tutaiacha."

Kuanzia hapo akawa mlinzi wangu. Kwenye matanga, kwenye harusi, aliingia jikoni kwa watu bila aibu na kuuliza nini kimetiwa kwenye sufuria. Shangazi zangu walichoka naye.

Sasa Mama anasahau.

Usahaulifu ulianza na vitu vidogo: ufunguo, jina la mchungaji, kama ameshawalisha kuku. Mwaka huu umefika kwa watu. Mara nyingi ananiita Apiyo, ambaye ni dada yake aliyefariki mimi nikiwa mdogo. Siku nyingine haniiti jina lolote. Ananitazama kwa adabu, kama mtu anayetazama mgeni wa kanisa.

Nilifika nyumbani mkesha wa Krismasi na mzigo wangu wa kawaida: sufuria yangu, mwiko wangu, unga wangu wa mtama uliosagwa peke yake. Mke wa kaka yangu Ouma, ambaye sote tunamwita Mama Felix, alinipokea vizuri, lakini alipoiona ile sufuria alivuta mdomo.

"Awino na vyombo vyake," akasema. "Kama mtu wa hoteli."

Namwelewa. Yeye ndiye anayemuogesha Mama, anayemtafuta akipotea njia ya kisimani, na bado anapika kwa ajili ya nyumba nzima. Halafu naja mimi kutoka mjini na masharti.

Tulikula vizuri usiku ule, niseme ukweli. Ouma alikuwa ameleta samaki kutoka Homa Bay, wakubwa, wakapikwa kwa nyanya na kitunguu bila unga wowote. Nikasonga ugali wangu wa mtama, mweusi, mzito. Watoto wa Ouma wakaumegamega mpaka nikabaki na ukoko. Nilicheka sana. Mama alikula kwa utulivu, akichambua miiba kwa vidole kwa ustadi uleule wa zamani. Niliwaza kwamba huenda Krismasi hii itapita salama.

Asubuhi ya Krismasi Mama aliamka mzima.

Sijui niielezeje. Alitoka nje akiwa amejifunga leso yake vizuri, akamsalimia Ouma kwa jina, akaenda moja kwa moja jikoni na kumnyang'anya Mama Felix unga. Akakanda. Akatia maji ya moto kidogo kidogo, mafuta, chumvi, bila kuuliza mtu. Akasukuma kwa chupa ya soda, kama alivyozoea. Tulisimama mlangoni tukimtazama kama watoto. Ouma alikuwa anarekodi kwa simu huku machozi yanamtoka. Chapati zilitoka za duara, zenye tabaka, laini. Nyumba nzima ilinukia Krismasi za utotoni mwetu.

Ya kwanza kabisa aliiweka kwenye sahani, akapita watu wote, akaja kwangu.

"Awino, nyathina, kula. Umekonda."

Awino. Mtoto wangu. Tangu mwezi wa nne sikuwa nimesikia jina langu kinywani mwake.

Na mimi, badala ya kupokea, nikasema, "Asante Mama, lakini unajua sili ngano."

Uso wake ulibadilika. Si kwamba alikasirika. Alitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nimekukosea nini hata unakataa chakula changu?"

Mtu wa kwetu anajua uzito wa swali hilo. Kukataa chakula cha mtu mchana kweupe, mbele ya familia, sikukuu, ni kumwambia kwamba unauogopa mkono wake. Nilijaribu kueleza. Nikataja Kisii, daktari, utumbo. Kila neno nililoongeza lilikuwa geni kwake. Akaanza kulia.

"Si uchukue tu, Awino," Ouma akaninong'oneza. "Chukua, utampa Felix baadaye."

Nikaichukua, lakini nilikuwa nimechelewa. Mama alikuwa ameshageuka.

Baada ya kama saa moja alikuwa amesahau chapati, amesahau kwamba nilikataa, amesahau jina langu. Ila huzuni haikuondoka. Alikaa kwenye kiti chake akipangusa macho, akamuuliza Mama Felix, "Kuna mtu amekufa hapa?"

"Hapana, Mama. Ni Krismasi."

"Mbona basi moyo wangu unauma?"

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kuni.

Mchana alikuja tena. Chapati nyingine, sahani ileile. Safari hii nilijua la kufanya. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikajifanya natafuna. Alipotazama pembeni nikaiingiza chini ya leso iliyokuwa kando yangu. Aliridhika. Nilijiona mwerevu.

Jioni baridi kidogo iliingia, Mama akaivuta ile leso ajifunike mabega. Chapati ikaanguka sakafuni, miguuni pake.

Aliiokota, akaipangusa mchanga kwa kiganja, akaibeba polepole kurudi jikoni. Sijui alielewa nini. Ningependa angenitukana.

Sikukuu ya pili, asubuhi. Ouma alikuwa ameenda kanisani na watoto, Mama Felix yuko jikoni. Mama alikuja na chapati ya jana aliyoipasha moto, na kikombe cha chai. Hakuniita Awino. Hakuniita jina lolote. Aliniwekea tu mbele yangu, akakaa, akasubiri.

Nikala.

Naandika hapa kwa sababu sitamwambia daktari. Niliikata kipande, nikachovya kwenye chai, nikala. Kisha kingine. Kwa miaka mitatu sikuwa nimeonja. Ilikuwa tamu, na ubaya wake ni huo. Nilitaka kuila kama dawa, kama kafara, na badala yake nilifurahia kila kipande, na Mama alifurahia kunitazama. Aliinama akanipangusa mafuta kwenye kidevu.

Saa sita mchana maumivu yalikuwa yamefika. Anayeyajua hahitaji kuelezwa, na asiyeyajua simtakii. Tumbo lilivimba likawa gumu kama ngoma, nikaenda chooni mara kwa mara mpaka miguu ikatetemeka. Mwishowe nikaingia chumbani kwa Mama, nikalala kwenye kitanda chake nikiwa nimejikunja, uso ukutani.

Nikasikia mlango. Nikasikia kitanda kikibonyea. Kiganja kikashuka tumboni mwangu, kikatulia hapo kama mtu anayesikiliza.

"Nani amekupa ngano?"

Niligeuka. Alikuwa Mama. Naomba mnielewe ninaposema hivyo. Macho yalikuwa yake, makali, yaliyojaa, yakinitazama mimi na si mtu mwingine.

"Awino, nakuuliza. Nani kwenye hii nyumba amekupa ngano?"

Ningesema nini? "Sijui, Mama," nikasema.

Akasimama. Akatoka kwa kishindo ambacho sikuwa nimekisikia kwa mwaka mzima. Kutoka kitandani nilimsikia akiingia jikoni.

"Mama Felix! Nilisema nini kuhusu huyu mtoto? Si nilisema ngano hapana? Mnataka kuniulia mtoto?"

Mama Felix alikuwa ameniona nikila asubuhi ile. Alijua nani ameleta ile sahani. Nilijua ana haki ya kusema, tena baada ya maneno yote aliyoyameza kuhusu sufuria yangu. Nilifumba macho nikisubiri.

"Nisamehe, Mama," akasema. "Ni mimi. Nilichanganya. Haitatokea tena."

"Isitokee tena!"

"Haitatokea."

Mama alirudi na uji wa wimbi, mwepesi, wenye chumvi kidogo, kama alivyokuwa akinipikia siku zile mbaya. Akanishika shingo nikanywa. Akakaa nami. Tukaongea. Alikumbuka ofisi ya daktari na jinsi alivyocheka. Alikumbuka shangazi aliyenuna kwenye harusi kwa sababu alikaguliwa mchuzi. Aliniuliza kama duka linaendelea na kama bado nauza dawa ya kupe, na kama yule mwanamume aliyekuwa ananisumbua ameniacha. Nikamwambia ameniacha. "Afadhali," akasema, "alikuwa na miguu ya kukimbia madeni." Nilicheka huku tumbo linakatika.

Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia, kwamba bila yeye ningekuwa nimeshazikwa na jina la ugonjwa usio wangu. Alinipapasa nywele. "Ungefanya nini," akasema, "wewe ni mtoto."

Mvua ndogo ilipita juu ya mabati, isiyofika hata kulowesha uwanja. Nilipomtazama tena alikuwa anatazama kikombe mkononi mwake, kana kwamba ametumwa nacho na hajui ampelekee nani.

"Wewe unaumwa?" akaniuliza kwa adabu. "Pole sana. Mama yako anajua uko hapa?"

"Anajua," nikasema.

Nilikaa siku moja zaidi mpaka nikaweza kusimama barabarani. Nikiwa naondoka nilimkuta Mama Felix anasugua sufuria yangu kwa mchanga, peke yake, mbali na nyingine. Nikataka kumshukuru.

"Uliniona nikila," nikamwambia.

"Niliona."

"Na hukunizuia."

"Ningekuzuiaje?" Hakuinua macho. "Mimi mama yangu yuko kaburini. Angeniletea hata mawe ningekula." Akamwaga maji, akanikabidhi sufuria. "Lakini Awino, usirudie. Mimi siwezi kuwauguza wawili."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa nije kwenye lile lililonifanya nifungue ukurasa huu.

Ouma amepiga simu leo asubuhi. Mama hajambo, anakula, analala, hamtaji mtu. Nilipokata simu nilijikuta nahesabu miezi mpaka Pasaka. Si kwa hamu ya kwenda nyumbani. Nilikuwa nawaza kwamba nikila kidogo tu, kipande kimoja, si chapati nzima, pengine atarudi tena. Pengine maumivu yangu ndiyo mlango pekee aliobaki nao. Niliwaza hivyo kwa utulivu kabisa, mtu mzima, mwenye duka, niliyeelezwa na daktari kwa michoro jinsi utumbo unavyokufa.

Nimejiogopa.

Kwa hiyo nimempigia Mama Felix, si Ouma. Nimemwambia wazo hilo lote kama lilivyo. Akasema, "Pasaka hakutakuwa na unga wa ngano hapa nyumbani. Hata wa watoto. Watalia, watanyamaza." Akaniuliza nataka tupike nini. Nikasema sijui. Tukakubaliana samaki, na viazi vitamu.

Ni uamuzi mzuri. Najua ni mzuri. Nimekaa hapa mlangoni tangu wakati huo, jua limehamia upande wa pili wa barabara, na bado namuonea wivu yule mwanamke wa juzi, aliyejikunja kwenye kitanda cha mama yake akitoka jasho, anayeulizwa nani amempa ngano.